Maji ya Nzoia Kwenye Lango la Aswan

Sikwenda Misri kutalii. Madam niliyemfanyia kazi Dubai alihitaji mtu wa kumbebea mtoto, na mimi nilitaka pasipoti yangu itoke kwenye kabati la sir, mumewe. Mama alikuwa amelazwa Bungoma. Kila nilipoomba ruhusa nikamwone, nilijibiwa inshallah, na inshallah ya tajiri mnaijua wenyewe.

Asubuhi tuliondoka mtaani Karama kwa teksi, enzi hizo metro bado inajengwa. Madam alikuwa Mmisri, akienda Aswan kumsalimia mamake. Uwanja wa ndege nilishika pasipoti pale kaunta tu. Tulipovuka, akaichukua.

Aswan, siku ya pili, mama yake madam, tuliyemwita Hajja, alitupeleka kisiwani kwa mashua. Nilitarajia mawe ya kuchosha. Loo! Lango la mawe mekundu lilisimama peke yake, kuta zote zimekwisha kuanguka. Dubai nilizoea majengo yanayoota kila mwezi. Sikuwa nimeona jengo lililokataa kufa. Nikaduwaa, mtoto akinivuta hereni.

"Hili lilikuwa hekalu la mpakani," Hajja akaniambia kwa Kiarabu cha polepole. "Dhahabu, pembe, ngozi za chui, chochote kilichokuja na mto kutoka kusini kilisimama hapa. Makuhani walitwaa fungu lao, ndipo kikapita."

Kutoka hapo tulishuka ngazi za kale walizopimia kina cha mto, hadi kwenye maji.

"Wewe kwenu wapi?"

"Kenya, Hajja. Mto wetu Nzoia unaingia ziwani, na humo ziwani ndimo Nile inamotoka."

"Kumbe haya yametoka kwa mama yako!"

"Yamepita nyuma ya shamba lake."

Nikachota, nikanawa uso. Machozi yakanitoka. Maji ya kwetu yalikuwa yakipita mbele ya lango lile, na hayakuomba ruhusa kwa mtu. Niliyaonea wivu, nasema kweli.

Hajja akamgeukia bintiye. "Wewe umekuja kuniona. Huyu wa kwake atamwona lini?"

Madam aliinamisha kichwa.

Tuliporudi Dubai, sir alitupokea uwanjani, akanyoosha mkono kama kawaida, nimpe pasipoti.

"Khalas, basi, mwachie," madam akamwambia. "Anakwenda kwao."

Bungoma nilimkuta mama kitandani, amekonda lakini ananitambua. Akataka habari za Misri. Nikamweleza lile lango, na jinsi kitu cha kusini hakikupita hivi hivi.

"Na wewe ulipitaje?"

"Kuna mama aliniombea njia."

"Mamake nani?"

"Mamake madam."