Karani wa Majani

Baba yangu alikuwa karani wa kituo cha majani chai kijijini kwetu, juu kidogo ya Kapsoit. Kazi yake ilikuwa kukagua majani kabla hayajapandishwa kwenye lori la kiwanda. Alitaka majani mawili na kichipukizi, basi. Yaliyokomaa aliyamwaga mezani na kumwambia mwenyewe kwa upole, "Rudia uchague."

Nikiwa darasa la saba, alimwaga kikapu cha mama. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni. Aliinama akachagua jani kwa jani, majirani wakimwangalia. Jioni baba alimchemshia maji, akamwosha miguu, lakini msamaha hakuomba. Nilimchukia siku hiyo. Ila tangu hapo hakuna aliyembishia. Watu walichagua majani wakiwa bado shambani, na wanawake wakawa wanakemeana wenyewe, karani hayuko hata karibu.

Alipostaafu, wakulima walinichagua mimi. Walisema nimelelewa vizuri.

Miezi ya kwanza nilijitahidi. Kisha jirani yetu, mjane aliyenibeba nikiwa mchanga, akaleta majani magumu kama ngozi.

"Mgongo unaniuma, mwanangu," aliniambia. "Leo tu."

Nikayapitisha. Nilirudi nyumbani nikijiona nina huruma kuliko baba. Kesho yake wakaja watatu na maneno hayo hayo, nami ningewakatalia kwa uso gani? Kabla ya mwaka kwisha, aliyeendelea kuchagua alionekana mjinga.

Kiwanda kilirudisha lori letu mara tatu. Baada ya mara ya tatu alikuja afisa, akatuambia bila hasira kwamba kituo kinafungwa na majani yapelekwe ng'ambo ya mto. Vijana waliweza. Yule mjane hakuuweza mteremko wa kwenda mtoni na kikapu mgongoni. Chai yake ikaachwa, ikarefuka mpaka ikawa miti.

Wakati huo baba alikuwa kitandani, kiharusi kimemshika upande mmoja. Niliketi kando yake nikamweleza kila kitu, tangu kikapu cha kwanza. Nilitaka anikaripie.

"Sasa watu wanapeleka wapi?" aliuliza, ulimi mzito.

"Ng'ambo ya mto."

"Ni mbali," akasema, akageukia ukutani.

Hatukuzungumza tena juu ya kituo. Alifariki wiki chache baadaye, na wakulima wote wakaja kumzika. Nilisimama langoni nikipokea mikono yao, nikingoja hata mmoja anilaumu. Yule mjane alifika mwisho, akitembelea fimbo.

"Pole, mwanangu," aliniambia. "Wewe umekuwa mtu mzuri sana kwetu."