Hamsa Ishirini za Matonya

Zama za Mdachi boma lilikuwa na tarishi, Matonya, mwenye nyayo ngumu hata mwiba wa mgunga ukimwona unajikunja wenyewe. Asiyeamini akaiulize migunga. Watu wa Ugogo walikuwa wakizolewa kama mbuzi kwenda kujenga reli, na wengi hawakurudi. Tarishi hakuzolewa. Basi Matonya aliing'ang'ania kazi ile kama kupe: neno la boma haongezi, hapunguzi, haulizi. Aliuliza mara moja tu, Bwana Mkubwa akamng'oa meno mawili kwa kitako cha bunduki, tena yale mazuri.

Asubuhi moja Bwana Mkubwa alimwambia karani Halfani amwagize jumbe wa mlimani watu wa reli, hamsa ishirini, yaani ishirini na watano. Halfani mdomo ulikuwa umejaa andazi, akafupisha.

"Matonya, mwambie jumbe, Bwana Mkubwa anataka hamsa ishirini, kesho jua likichomoza."

Matonya alitaka kuuliza, za nini? Ulimi ukagusa pengo. Akashika njia.

Sasa, Ugogo nzima hamsa ishirini ilikuwa kitu kimoja: viboko. Hesabu ya boma hiyo, kila tako liliijua.

"Mbukwa, mwana wa boma," jumbe akamsalimu.

"Mbukwa, baba. Bwana Mkubwa anataka hamsa ishirini, kesho jua likichomoza."

Jumbe akauliza, "Apigwe nani?"

"Sikuambiwa."

"Mimi?"

"Hakukutaja, baba. Hakumtaja mtu."

Jumbe akateta na wazee wake, akarudi anang'aa kama aliyeona wingu. "Angetaka tupigwe sisi angeleta askari. Amekuleta wewe, peke yako, kwa miguu yako mwenyewe."

"Baba, labda..."

"Unaongeza neno?"

Matonya hakuongeza. Wakamlisha ugali na mlenda, maana mgeni hapigwi na njaa, na jua lilipochomoza mwana wa jumbe akamchapa. Alipofika kumi na tisa akapotewa na hesabu, akaanza upya, asije akalipunja boma.

Matonya alirudi akitembea upande upande. Bwana Mkubwa alikuwa barazani.

"Hamsa ishirini wapi?"

Matonya akageuka, akapandisha kanzu. "Zote zimefika, bwana. Nimezibeba mwenyewe."

Bwana Mkubwa akacheka mpaka akalia, na Halfani akacheka zaidi, asije akaulizwa aliagiza nini. Kisha kicheko kikakatika, kwa kuwa reli bado ilitaka watu. Askari wakapanda mlimani, wakazoa ishirini na wanne, hata mwana wa jumbe hakusazwa. Mmoja akapungua.

"Yupo huyu, bwana," Halfani akasema upesi. "Kwa mgongo huo hatakimbia tena na barua."

Wakamfunga wa mbele kabisa, maana njia aliijua. Nyuma yake, kamba ile ile shingoni, alikuwa mwana wa jumbe.

"Tembea polepole, tarishi," akamwambia. "Leo hakuna anayekungoja."