Amin Yangu na Kiti cha Vijana

Kiti cha vijana kwa kamati ya ushauri ya mtaa wetu hapa Waberi kilibaki wazi aliyekikalia alipopata kazi kambi ya Ifo akahama. Wengine walisikia, wakaendelea na maisha. Mimi usingizi uliisha. Kamati hiyo ndiyo ilikuwa inataka kushauri kaunti punda wasipite tena barabara ya soko, na mimi nauza maji na punda. Bila hiyo barabara ni kuzunguka mbali kwa mchanga, na punda wangu akiona mchanga anasimama kama mheshimiwa anangoja saluti.

Nikazunguka mtaa nikiuza maji na kujiuza mwenyewe nipewe hicho kiti. Vijana wa mikokoteni walisema tuko pamoja. Akina mama walisema sawa, lakini mtungi wa jana ulivuja.

Hooyo, mama yangu, aliniambia kiti kama hicho hakitafutwi kwa mdomo. Wazee wanakaa kwanza, wanakunywa chai, wanaangalia zamu ni ya familia gani. Nikamwambia siku hizi watu wanainua mikono, wanahesabiwa. Akaniangalia vile anaangalia maziwa yakikaribia kumwagika.

Siku ya mkutano nilivaa shati ya Idd. Mpango wangu ulikuwa mmoja: wazee wakitaja mtu, nisimame niseme mimi pia nataka, tupige kura. Miguu haikutulia hata kidogo, utadhani natafuta choo. Mzee wa mtaa akasema wameshaelewana, na akaonyesha jamaa amerudi juzi kutoka Nairobi, viatu vyeupe. Vyeupe, na hii vumbi yetu.

Nikaanza kunyanyuka. Hapo hapo mzee akafungua viganja na kuanza dua: Mungu ambariki huyu kijana, amsaidie kwa kazi yake. Sasa, mimi nimelelewa. Mikono ilipanda yenyewe. Kila mara mzee akitua, mdomo wangu unaitikia amin, tena kwa nguvu, kwa sababu madrasa tulikuwa tunashindana nani anasikika mbali.

Dua ikaisha. Nikasema, "Mzee, mimi nina neno."

Akanitazama kwa upole. "Waryaa, kijana, si wewe umesema amin kubwa kuliko sisi wote?"

Watu wakacheka. Kwetu jambo likishaombewa dua limefungwa. Huwezi kumwitikia Mungu halafu ugeuke umwambie angoje kidogo. Nikakaa.

Nyumbani nilimweleza hooyo yote, huku nikizunguka uani kama kuku anatafuta mahali pa kutaga. Hakucheka, na hiyo iliniuma zaidi.

"Ulimwombea?" akauliza.

"Nilimwombea."

"Basi ni mtu wako. Umemwombea dua, atakufungia mlango aje?"

Asubuhi, kabla sijauza hata mtungi mmoja, nikampeleka punda na mkokoteni umejaa maji mpaka lango la viatu vyeupe. Akatoka na mswaki mdomoni, akasema hawajaagiza maji.

"Najua," nikamwambia. "Vaa viatu, walaal, ndugu yangu. Tunaenda soko na hiyo njia ya mchanga kamati yenu inataka tupite. Punda akisimama, wewe ndio utasukuma."

Akaangalia punda. Akaangalia mkokoteni. Halafu akarudi ndani, nikamsikia akiuliza mamake patipati zake za mpira ziko wapi.