Mume Aliyewahi Kufika Bombay

Nilipokuwa namchumbia mke wangu nilimwambia kwamba niliwahi kuishi Bombay miezi mitatu. Sikuwahi. Kabla ya kuja Doha, mahali pa mbali zaidi nilipokuwa nimefika kutoka kwetu Tanga ni Mombasa, nako nilikwenda kumuuguza shangazi, nikaona wodi na stendi ya mabasi. Lakini Ijumaa moja tulikuwa tumekaa kundi la watu wa Afrika Mashariki kwenye mkahawa mmoja wa Kihindi mtaa wa Abu Hamour, Doha, na Mkenya mmoja, mlinzi wa benki, alikuwa anasimulia maisha yake ya Dubai. Alisimulia vizuri, na binti wa Kiunguja aliyekaa mbele yangu alikuwa anamsikiliza vizuri zaidi. Nikaingilia kati. Nikasema Dubai si kitu, mtu afike Bombay.

Binti akanigeukia. Nikaeleza jinsi nilivyokuwa nakula kila kinachouzwa barabarani, na jinsi wauzaji walivyonizoea. Tukaoana baada ya mwaka mmoja na nusu, na ule uongo ukaolewa pamoja nasi.

Ndoa yetu ilikuwa ya Ijumaa kwa Ijumaa. Mimi nilikuwa dereva wa hoteli West Bay na nililala kwenye nyumba za wafanyakazi. Yeye alikuwa yaya wa watoto watatu kwenye familia moja Umm Salal, na alilala hukohuko. Tulikuwa tukikutana mchana wa Ijumaa, tunakula, tunatembea madukani penye ubaridi, kisha namrudisha. Likizo nazo zilitupitia hivihivi. Tukifika nyumbani kulikuwa na harusi, msiba, mgonjwa, na shangazi wa kuamkiwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa nne wa ndoa yetu mke wangu alisema, kwa utulivu kabisa, kwamba likizo hii angependa kwenda mahali ambako hatuna shangazi hata mmoja.

Nikauliza wapi. Akasema, "India. Wewe si mwenyeji?"

Fomu za viza tulizijaza pamoja kwenye kaunta moja. Nilipofika kwenye swali la kama mwombaji ameshawahi kufika India, nikaweka kiganja cha kushoto juu ya karatasi kama mwanafunzi asiyetaka kuibiwa majibu, nikaandika hapana. Nikamwangalia kwa pembeni. Alikuwa ameinamia fomu yake. Baada ya hapo tulihangaika na vibali vya kutoka nchini, mimi kwa mwajiri wangu na yeye kwa wake, na vilipopatikana tukaondoka na siku kumi mkononi.

Bombay yenyewe sasa wanaiita Mumbai, na jambo hilo lilinisaidia. Kila nilichokosea nilisema zamani haikuwa hivi. Asubuhi ya kwanza nikamwambia asiwe na wasiwasi, bahari naijua ilipo, tutembee taratibu tukaone lile lango kubwa la mawe. Tukatembea taratibu saa nzima na robo. Tulikuta reli, mafundi wa magurudumu, na uwanja wa watu wanaofua mashuka, mashuka mengi kuliko ya hoteli zote za West Bay. Mke wangu akamsogelea mama mmoja aliyekuwa akitunga maua, akamwonyesha picha ya lango kwenye kitabu chetu cha watalii. Yule mama akanyoosha mkono kule tulikotoka.

"Zamani palikuwa na njia huku," nikasema.

Kihindi changu kilikuwa na hadithi yake. Nilikiokota kwenye maegesho ya hoteli, kwa madereva wa malori ya mboga, na nilikijua kwa kiasi cha kusema rudi nyuma, kata kushoto, toa gari, fanya haraka. Nilikiamini sana. Nilipomwagiza chai mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, watu wote kibandani waligeuka kuniangalia. Mzee alinipa chai. Mke wangu, ambaye Kihindi chake alifundishwa polepole na mpishi wa nyumba ya Umm Salal, alimwomba radhi kwa sentensi ndefu iliyojaa adabu, na mzee akacheka mpaka akamwongezea biskuti. Baadaye aliniambia kwamba nilikuwa nimemsemesha yule baba wa watu kama lori linaloziba geti.

Jioni tukaenda ufukweni wanakouza vyakula. Pale pana vile vibumunda vya unga vilivyokaangwa vikawa vitupu ndani kama mapovu. Muuzaji hutoboa kwa kidole, hutia viazi na dengu, huchovya kwenye maji ya ukwaju na pilipili, kisha hukupa kimoja kimoja. Nikajitanguliza mbele, maana ni chakula nilichokuwa nimekisifia miaka yote. Nilikiuma nusu, kama sambusa. Maji yote yakashuka kidevuni, yakapita shingoni, yakaingia ndani ya shati jeupe. Kumbe kinaingia mdomoni chote kwa mara moja. Kabla sijajifuta muuzaji alishaweka cha pili kwenye kibakuli changu cha majani, na nilipokila akaweka cha tatu. Sikujua anasimamishwaje. Nilidhani ni utovu wa adabu kukataa, na yeye alidhani sijashiba, tukaenda hivyo mpaka macho yakanitoka machozi. Kando yangu mke wangu alikula sita, akafunika kibakuli chake kwa kiganja, akashukuru.

Alinipa kitambaa chake.

Siku ya nne tukapanda treni kwenda Jaipur, mji wa kuta za rangi ya udongo mwekundu. Huko nikajitahidi kurudisha heshima. Asubuhi tuliyofika nilikula maandazi ya kukaanga yaliyojazwa vitunguu, na muuzaji alipotuonya kuhusu zile pilipili mbichi za pembeni nikatafuna tatu mfululizo. Nilimwambia mke wangu kwamba tumbo langu limeshazoea. Adhuhuri nilikuwa kitandani kwenye nyumba ya wageni, nimejikunja, naijua njia ya kwenda chooni hata nikiwa nimefumba macho.

Nilikaa hivyo siku mbili. Siku ya kwanza alikaa nami. Siku ya pili nilimwomba aende akatembee, kwa sababu ilikuwa aibu kubwa zaidi kulindwa. Akajifunga mtandio akaenda peke yake. Aliporudi alasiri alikuwa ameona kasri lenye madirisha madogo mengi ambamo wanawake wa zamani waliangalia barabara bila kuonekana, alikuwa amekunywa maziwa ya mgando kwenye kikombe cha udongo, na amepiga soga na mama muuza bangili aliyetaka kujua Unguja iko upande gani. Mimi aliniletea wali mweupe na mtindi. Akakaa ukingoni mwa kitanda akinitazama ninavyokula.

Nikaanza kusema kwamba nilipokuwa Bombay zamani, tumbo langu halikuwa hivi.

"Ile fomu ya viza niliiona," akasema.

Kijiko kilibaki hewani. Nikamuuliza aliionaje, na nilikuwa nimeifunika.

"Ulifunika swali. Jibu lako lilikuwa mstari wa chini, nje ya kiganja."

Nikamwomba radhi, nikamweleza habari ya yule mlinzi wa benki na jinsi yeye alivyokuwa akimsikiliza. Hapo ndipo alipocheka, akacheka sana, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Aliniambia kwamba yule Mkenya alimchosha tangu mwanzo. Alikuwa akimwangalia kwa sababu kipande cha kitunguu kilikuwa kimemganda kwenye jino na hakujua amwambieje. Miaka mitano nilikuwa nimebeba uongo uliomshinda mtu ambaye hakuwa akishindana.

"Sasa lala upone," akasema. "Kuanzia kesho mimi ndiye niliyewahi kufika."

Delhi aliniongoza yeye. Nilibeba mkoba, nikala nilichopewa, na nakiri kwamba nilifurahi kuliko siku zote zilizotangulia. Tulikaa karibu na msikiti mkubwa wa mji wa zamani, kwenye vichochoro vya wauza nyama choma na mikate ya tanuri. Hatukuwa na haraka. Asubuhi ya kwanza niliamka mapema nikamsubiri. Saa moja ikapita, saa mbili, saa tatu, naye amelala fofofo. Mwanamke huyu, kule Umm Salal, alikuwa akiamka kabla ya alfajiri, kwani watoto lazima wapate uji, sare na nywele za kusukwa. Nilikuwa sijawahi kumwona akilala mpaka jua likaingia chumbani. Nilikaa kwenye kiti na viatu mkononi, nisije nikamwamsha.

Tulipotoka tukanywa mchuzi mzito wa nyama uliolala motoni usiku kucha, kwa mkate wa moto. Alikula taratibu, tonge kwa tonge, na nikagundua kwamba hapakuwa na mtoto wa kulishwa kwanza. Alipomaliza alinawa, kisha akaniambia kwamba Ijumaa hazimtoshi tena.

Nikamjibu kwamba hata mimi hazinitoshi. Ni sentensi ambayo ningeweza kuisema miaka minne nyuma, kama nisingekuwa nashughulika kuwa mwenyeji wa Bombay.

Haikuwa rahisi. Tuliporudi Doha ilimchukua karibu mwaka mzima kupata barua ya mwajiri wake ya kumruhusu kuhamia kwa mwingine, na akapata kazi ya kufua na kupiga pasi kwenye hoteli. Tukakodi chumba Abu Hamour, chumba kimoja kwenye nyumba iliyogawanywa vipande, jiko la kushirikiana na familia mbili. Siku niliyokwenda kumchukua kule Umm Salal, wale watoto watatu walitoka getini wakilia, mdogo amemshika baibui hataki kuachia. Mke wangu alilia pamoja nao. Mimi nilibaki ndani ya gari, na kwa muda mrefu nikazungusha kitufe cha redio kana kwamba kuna kituo nilichokuwa nakitafuta.