Kamongo Kati ya Furu

Haya ninayoandika yalitokea. Sisemi nimeyaelewa, nasema yalitokea, nami nilikuwa macho, sikuwa nimeonja pombe ya rubisi, na homa haikuwa kwangu bali kwa mke wangu. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nimewahi kucheka, kisha nikanyamaza.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kitendaguro. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo mtanisamehe nikichanganya. Vita vya Hitla vilipokwisha, Mzungu mmoja wa mambo ya kahawa alihamishwa kutoka Bukoba, akaniachia sanduku kubwa la kioo alilokuwa akifugia samaki. Nilikuwa nimemshonea mapazia, na kila nilipokwenda kupima aliniona nimesimama mbele ya sanduku lile, nimeduwaa. "Chukua, fundi," akasema. Nikachukua.

Nikaliweka sebuleni. Kutoka ziwani nikaleta furu wenye mapezi mekundu, ngege wadogo, na gogogo, yule anayelalamika ukimtoa majini. Nilidhani samaki ni samaki tu, kumbe wana ugomvi kama wapangaji. Furu dume mmoja aliwafukuza wengine wote mpaka nilipopanga mawe, kila mmoja akapata pango lake. Maji nilibadilisha kila asubuhi, si yote, nusu. Jirani yetu Ta Petro (kwetu bwana huitwa Ta), Mkatoliki mwenye maneno mengi, alikuwa akija kutazama na kunicheka.

"Watu hufuga mbuzi. Wewe, Ta, unafuga mboga!"

"Afadhali mboga yake haili migomba, Ta Petro," mke wangu Koku alimjibu. "Mbuzi wako je?"

Koku aliwapenda kuliko mimi. Tulikuwa tumekaa miaka bila mtoto, na sasa alikuwa na mimba, ya kwanza kufika tumbo la kuonekana. Alikaa mbele ya kioo akiwakatia senene, wale panzi wa msimu, vipande vipande. "Kwa mila yetu mwanamke ananyimwa senene," alisema, "basi hawa wale kwa niaba yangu."

Sasa sikilizeni hili, maana ndipo penyewe. Koku kwao ni Kishanda, upande wa Muleba. Kila ukoo una mwiko wake, na mwiko wa ukoo wao ni kamongo, samaki anayesemwa kwamba kiangazi hujizika matopeni. Hawamli, hawamgusi, hawamwingizi nyumbani. Hilo nililijua tangu siku ya posa. Lakini kamongo mwenyewe nilikuwa sijamwona akiwa hai. Mimi ni mtu wa migomba na cherehani. Koku naye hakuwahi kumwona, maana kwao nani angemleta?

Basi akaja mtu wa Muleba anayeuza samaki wa kukaushwa, akanipa samaki mdogo ndani ya chungu, mweusi, mrefu kama kidole. "Wa madimbwi ya kwetu," alisema. Samaki yule alikuwa na nyuzi nyembamba mwilini, nikadhani ni sharubu, nikamwita kambale. Nikamtia pamoja na wengine.

Hakugombana na mtu. Alilala chini kwenye mchanga, kisha baada ya muda mrefu akapanda, akatoa mdomo nje, akameza hewa, akashuka tena. Akakua haraka. Furu wakaanza kupungua. Asubuhi moja nilikuta mkia peke yake nyuma ya jiwe.

Wakati huo huo Koku akashikwa na homa, na mtoto tumboni akaacha kucheza. Dresa wa zahanati alikuja asubuhi, akampa dawa chungu, akasema tungoje. Alipoondoka Koku alinishika mkono. "Kama hachezi tena," akasema, "usinifiche."

Alasiri mvua ilipiga sana. Koku alikuwa amelala chumbani. Nilikuwa kwenye cherehani, sishoni kitu, nikaona mwanamke mzee amesimama mlangoni. Alivaa lubugo, lile vazi la magome ya mti ambalo hapa mjini siku hizi hulioni. Je, alikuwa amelowa? Nimejiuliza sana. Nadhani hakuwa amelowa, lakini siwezi kuapa.

"Karibu, bibi, waitu," nikamwambia kwa heshima ya kwetu.

"Nimekaribia, mkwe."

Alikataa kiti, akaketi sakafuni mbele ya kioo. Nikadhani ni mmoja wa wazee wa Kishanda ambao sikuwajua. Kisha nikaona hapumui. Niaminini, nilimtazama kifua, kimetulia kama ukuta. Halafu akainua kidevu, akafungua mdomo, akameza hewa mara moja. Na ndani ya kioo yule samaki akapanda, akameza hewa. Wote wawili wakashuka. Ikatokea tena, na tena. Huenda alikuwa na pumu. Nami nilikuwa sijala tangu asubuhi.

"Yule si kambale," akasema. "Ni kamongo. Umemleta mwiko wa mkeo alale naye chini ya paa moja."

"Bibi, sikujua."

"Ndiyo maana nimekuja kusema. Ungejua, ningekuja kufanya kingine."

"Mimi ni Mlutheri," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Ulutheri wako nani kaugusa? Mimi nimekuja kwa ajili ya samaki. Mrudishe alikotoka, wewe mwenyewe, kabla jua halijazama. Kama unataka yule wa tumboni."

Nilikwenda ndani kumletea kahawa ya kutafuna, maana mgeni hawezi kuondoka hivi hivi. Niliporudi hayupo. Mahali alipoketi palikuwa na ngozi nyembamba ya matope makavu, kama ganda la kitunguu, ikavunjika nilipoigusa. Matope makavu, siku ya mvua ile! Kwa haki niseme, sakafu yetu ni ya udongo.

Nikamtazama samaki upya. Nyuzi zile hazikuwa za mdomoni. Zilikuwa nne, mahali pa miguu.

Nikamtia kwenye chungu. Muleba ni mbali, na jua lilikuwa limebaki kidogo. Ningemwachaje Koku peke yake? Nikamwita mke wa Ta Petro akae naye, nikashuka bondeni, nikamwaga kamongo kwenye majani ya mto wetu. Alikaa juu kidogo, akameza hewa, akazama.

Niliporudi Koku alikuwa ameketi kitandani anacheka na kulia. "Anapiga teke! Weka mkono!" Nikaweka. Alikuwa anapiga.

Sasa niambieni, ilikuwa dawa ya dresa au nini? Dawa alipewa asubuhi, samaki aliondoka jioni, mtoto akacheza jioni. Mke wa Ta Petro anasema hakuona bibi yeyote akipita, lakini kwa mvua ile angeona nini? Nilimsimulia Koku yote. Mnadhani aliogopa? Alinikasirikia.

"Umemtupa samaki kwa maneno ya ombaomba! Mimi nisingemla. Kumtazama ni kumla?"

Binti yetu alizaliwa mzima, sasa anatembea. Mimi siwezi tena kula samaki wa aina yoyote, nikisikia harufu yake tu natoka nje. Koku anakula vizuri. Samaki waliobaki niliwarudisha ziwani, sanduku nikalihamishia stoo.

Juzi nimemkuta Koku amelitoa, analisugua. Ana mimba ya pili. "Nataka furu wangu," akasema. Nikasema furu peke yao. "Na gogogo," akasema. Nilishindwa kumkatalia.

Nawe unayesoma, ukitaka kuchanganya samaki wa maji mbalimbali, usianze kuuliza nani anamla nani. Uliza kwanza miiko ya wote wanaolala nyumbani mwako, kisha mpeleke samaki kwa watu wa maji yake, wakutajie jina lake. Usinifuate mimi. Niliambiwa nimrudishe alikotoka, nikamwacha kwenye maji yasiyo yake, na mpaka leo hakuna aliyekuja kuniambia kama ilitosha.