Kopo Lisilolia

Upande mmoja wa daraja malori husimama foleni, pua kwa mkia, siku mbili hadi nne, kutegemea karatasi. Madereva hulala chini ya matrela na kuanika suruali zao kwenye vioo vya pembeni. Katikati ya foleni hiyo, baina ya kibanda cha kuchaji simu na choo cha umma, kuna hema la kijani lenye meza moja, viti viwili vya plastiki na pazia. Mwenye hema anajulikana geti hadi geti kwa jina la Mama Kidole, kwa kuwa kazi yake ni kuwatoboa watu vidole na kuwapima virusi vya UKIMWI.

Ni mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mnene kiasi, mwepesi wa miguu, na mdomo wake haujawahi kushindwa. Anajua salamu za lugha sita na matusi ya lugha nane. Mpakani watu huhesabu mizigo kwa lugha moja, hugombana kwa nyingine, na wakishikwa na hofu hurudi kwenye ile waliyonyonyeshwa nayo. Mama Kidole anasema humjua mwenye hofu kabla hajakaa, kwa lugha anayochagua kusalimia.

"Mama, leo unataka kidole gani?" madereva humtania.

"Cha shahada, ubaki huna cha kuwanyooshea wenzio."

"Mimi nikiona damu nazimia."

"Zimia, baba. Nitakupima umelala, hutanisumbua."

Ndivyo anavyowaingiza. Pazia likishashuka utani unakwisha, sauti yake inapungua hadi kuwa ya mtu anayembembeleza mtoto, na yule dereva aliyekuwa anapiga kelele nje huanza kujitazama viatu.

Jambo ambalo foleni nzima haikulijua ni kwamba Mama Kidole mwenyewe anaishi na virusi, mwaka wa kumi na moja sasa. Walijua wawili tu: nesi wa kliniki na binti yake aliyeolewa mbali. Kila siku aliwaambia watu hakuna cha kuonea aibu. Akirudi nyumbani alipiga komeo mlangoni kabla ya kumeza kidonge chake.

Ni hofu hiyo, zaidi ya ujuzi, iliyomfundisha kuhusu makopo. Kliniki hutoa dawa kwenye kopo jeupe la plastiki lenye kifuniko kipana, na kopo hilo likitikiswa hulia. Mlio wake wasafiri wa mpakani wanaujua kama wanavyojua honi. Mteja wake mmoja alikuwa ndani ya basi, basi likaruka shimo, mkoba ukalia, na abiria aliyekaa naye akahama kiti bila kusema neno. Yule mteja aliacha dawa miezi minne.

Basi Mama Kidole akaanza kukusanya makopo matupu ya vitamini. Aliyachemsha, akayabandua lebo kwa kisu, akayakausha juani, akahamishia vidonge humo na kushindilia pamba mpaka ukilitikisa kopo linatulia kama jiwe. Wanawake wafanyabiashara walimshukuru kwa machozi. Nesi peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Dada, dawa isiyo na jina si dawa tena, ni kesi. Halafu pamba hiyo na unyevu..."

"Wewe unakaa kwenye feni," Mama Kidole akamjibu. "Panda basi siku moja na kopo linalolia, kisha uje unifundishe."

Kati ya waliobeba makopo hayo alikuwemo muuza nguo za watoto ambaye wote walimwita Mama Mapacha. Alikuwa na miaka ishirini na minane, na alijua hali yake kwa mwaka mmoja na nusu. Mumewe hakujua. Alivuka daraja kila mwezi kwenda kuuza masoko ya ndani, siku tisa kwenda na kurudi, na hakusafiri peke yake: alisafiri na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mrefu asiyetoa neno bila sababu.

Wifi huyo ndiye aliyekuwa hofu yake. Miaka mitatu kabla, ukoo ule ulisikia kwamba mke wa mtoto wao wa mwisho ameonekana kliniki kwenye benchi la dawa. Hawakumwuliza. Asubuhi godoro lake lilikuwa barabarani, mvua inalinyeshea, na aliyelibeba mabegani kulitoa nje alikuwa wifi mwenyewe. Mama Mapacha alikuwa amesimama mlangoni, mimba ya mapacha tumboni, akatazama.

"Siku wakijua yangu," alimwambia Mama Kidole, "hata godoro sitapewa."

*

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi. Mama Kidole alikuwa amemtoboa dereva wa lori la saruji, ameweka tone la damu kwenye kipimo na kumimina dawa yake, na ametega saa ndogo ya mezani. Ni dakika kumi na tano za kungoja. Simu ikatetemeka.

"Mama." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja. "Wamelikamata kopo. Hapa ng'ambo, chumba cha ukaguzi. Wanataka niseme ni nini. Wifi yuko hapa."

Ikakatika.

Kilichotokea alikielewa papo hapo. Tangu mwanzo wa juma walikuwa wakisaka vidonge vya kulevya vinavyovushwa na wanawake wa mizigo, na habari zilishafika foleni: vimo kwenye makopo yasiyo na lebo, vimeshindiliwa pamba visilie. Alizisikia, akazicheka, akaendelea na kazi. Hakuwaza hata mara moja kwamba mikono yake mwenyewe ilikuwa imetengeneza kitu kile kile, makopo ishirini na kitu, na kukigawa kwa wanawake waliomwamini.

"Mama, vipi, umeona nini?" dereva aliuliza, akiinuka nusu. "Ni mimi? Sema tu!"

"Kaa chini, baba. Si wewe. Kipimo hakijaiva."

Kuna sharti moja katika kazi hii ambalo halivunjwi: humwachi mtu peke yake na majibu yake. Nesi alikuwa ameitwa mkutanoni, msaidizi hakuna. Kwa hiyo alikaa. Waliangalia kile kiplastiki wote wawili, kila mtu na hofu yake, na dakika zile, anasema, zilikuwa na meno. Ng'ambo ya daraja mtu alikuwa anamwuliza Mama Mapacha swali lenye majibu mawili tu. Akificha, watasema ni dawa za kulevya: jela. Akisema ukweli, wifi anasikia.

Mstari mmoja: hana virusi. Dereva alipiga makofi, akataka kumkumbatia.

"Rudi baada ya miezi mitatu, na kondomu hizo usiende kuzifanya mapambo," alisema Mama Kidole, tayari amekwishavua kizibao chake cha kazi, kile chenye utepe mwekundu kifuani. Akienda nacho, kizibao kitasema kabla yeye hajafungua mdomo. Alikitupa chini ya meza, akafunga hema, akatembea. Kukimbia kwenye daraja kunaita askari.

Chumba cha ukaguzi kilikuwa na dirisha moja lenye nondo, benchi ukutani, na meza ndefu ya bati iliyochubuka kwa miaka ya mizigo kuburutwa juu yake. Kwenye benchi walikaa wanawake wanane wa mizigo, wakingoja zamu. Nguo za watoto zilikuwa zimemwagwa sakafuni. Mama Mapacha alisimama mbele ya meza, mikono imeshikana, midomo imepauka. Nyuma yake kidogo alisimama wifi, mkoba begani. Juu ya meza lilikuwa kopo, limefunguliwa, na pamba imevutwa nje kama matumbo ya kuku.

"Kwa mara ya mwisho," alisema afisa, kijana mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. "Hivi ni nini?"

Mama Mapacha alifungua mdomo.

"Ni vyangu," alisema Mama Kidole mlangoni.

Wote wakageuka.

"Wewe ni nani?"

"Mwenye kopo. Jana tulikaa pamoja sokoni, nikamwekea kwenye mkoba wake anishikie, nikasahau kulichukua. Yeye hajui hata ndani mna nini. Mwachie, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Vidonge vya nini?"

Njiani alikuwa ametafuta uongo wa kutosha na hakuupata. Presha? Wangemwita daktari avitazame. Vitamini? Vimefichwa kwa nini? Kulikuwa na jibu moja tu ambalo angeweza kulithibitisha, na wanawake wanane walikuwa wamenyamaza kulisikiliza. Watatu kati yao anaishi nao mtaa mmoja.

"Ni dawa za virusi," alisema. "Ninavyo. Mwaka wa kumi na moja."

Mmoja kwenye benchi aliguna. Mwingine akasema, "Mama Kidole? Kumbe!"

"Ndiyo, kumbe," alisema, akisogea hadi mezani.

Afisa alimtazama juu hadi chini. "Kila mtu anaweza kusema hivyo."

Mama Kidole akafungua fundo la kitambaa alichochomeka kifuani. Humo huwa na kadi yake ya kliniki na vidonge viwili vya akiba, kwa siku atakayokwama asirudi nyumbani. Aliweka kidonge kimoja mezani, kando ya vile vya kopo. Rangi moja, umbo moja, herufi zilezile zilizogongwa juu. Afisa alichukua kadi, akasoma jina la dawa kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila silabi ilikwenda kukaa kwenye benchi.

"Sasa mbona umezificha kwenye pamba?"

"Kwa ajili ya vyumba kama hiki."

Afisa alisukuma kopo. Hakulisukuma kwa Mama Mapacha. Alilisukuma kwa Mama Kidole, mwenye kopo. "Chukua dawa zako utoke. Na safari nyingine zije na jina lake. Wewe mwenye nguo, kusanya mizigo yako."

Hapo ndipo Mama Kidole alipoona alichokifanya. Dawa ni zake sasa, mbele ya mashahidi. Mama Mapacha anaingia safari ya siku tisa mikono mitupu.

*

Walitoka watatu hadi kwenye bomba la maji, karibu na kituo cha mabasi. Mama Kidole alikuwa amelibana kopo chini ya kwapa. Kondakta alikuwa anaita abiria wa mwisho. Alitafuta namna ya kumvuta Mama Mapacha pembeni, lakini wifi alisimama katikati yao kama nguzo.

"Mama, nikuulize," alisema wifi. Ndiyo mara ya kwanza kusikika siku ile. "Dawa hizo zinanywewa saa ngapi?"

"Inategemea mtu. Mimi saa tatu usiku."

"Saa tatu." Wifi aligeuka polepole kwa mke wa kaka yake. "Ajabu. Huyu naye kila siku saa tatu hukumbuka kwenda kutazama kama mlango wa jikoni umefungwa. Hata tukilala gesti kusiko na jiko."

Mama Mapacha alishika bomba. Mama Kidole akazidi kulibana kopo.

Wifi alishusha mkoba wake mwenyewe begani, akaufungua zipu, akaunyoosha mbele, uso ameuelekeza kwenye basi.

"Weka. Basi halitungoji."

Mama Kidole aliweka. Ndani ya mkoba wa wifi, si wa Mama Mapacha. Zipu ikafungwa.

"Wifi," alinong'ona Mama Mapacha, "na kaka yako..."

"Panda basi."

Waliondoka wamekaa kiti kimoja. Kupitia dirishani Mama Mapacha alimtazama Mama Kidole kama mtu anayetazama nchi kavu.

Siku zile tisa Mama Kidole alizihesabu kwa kila jambo. Habari zake zilifika foleni kabla yake. Jirani mmoja aliacha kuazima ungo. Kijana wa chaji alianza kumpokea simu kwa ncha za vidole, na baadhi ya madereva walipita hema wakitazama upande mwingine. Wengine waliingia, pazia likashuka, wakauliza kwa sauti ndogo maswali ambayo hawakuwahi kumwuliza: mama, kweli miaka kumi na moja? Makopo mengine aliyogawa aliyakusanya, akayarudisha kwa nesi moja moja, nesi akambandikia majina. Usiku alilala akiona godoro, mvua, na mkoba uliofungwa zipu.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Mama Mapacha aliingia hemani. Amekonda kidogo. Alikaa kiti cha wateja, akaweka mikono mapajani.

"Nyumbani wamejua?"

"Sijui. Hajasema neno. Kwangu hajasema, kwa kaka yake sijasikia."

"Na dawa?"

"Zimo kwenye mkoba wake mpaka leo. Kila siku saa tatu ananiletea kidonge kimoja na kikombe cha maji. Anakaa mbele yangu, ananiangalia mpaka nimeze. Kisha anachukua kikombe, anakwenda kulala." Alisogeza kiti karibu na meza. "Mama, sijui ananilinda au ananingoja. Namwangalia usoni, sioni kitu. Siku akikasirika, siku akigombana na kaka yake, ana kila kitu mkononi."

Nje dereva alipiga honi, mwenzake akamjibu.

"Na wewe unafanyaje akikuletea?" aliuliza Mama Kidole.

"Maji yananimwagikia kifuani."

"Halafu?"

"Nameza."