Mupira wa Baiskeli Chini ya Kikwembe

Niseme mbele ile yenye kunitia haya zaidi, tumalize nayo. Siku mama muganga wa hospitali kule Kasongo aliniambia nitoe kikwembe, alikuta nimejifunga huko chini na mupira wa baiskeli. Ndiyo, ule mweusi wa ndani ya gurudumu, watu wanafungia nao bidoni za mafuta ya mawese. Miye na bidoni hatukuwa na tofauti.

Ilianzia kwa kinu. Jirani yangu na miye tunatwanga sombe, majani ya muhogo, kinu kimoja tangu tulipoolewa: muchi wake unapanda, wangu unashuka. Kisha kuzaa mutoto wa saba, kila nikipiga, kitu kilikuwa kinashuka huko chini, kilaini sawa yai bila ganda. Nilisoma mpaka darasa la tano tu, na hiyo hawakutufundisha. Nilizani ni matumbo. Nikaomba jirani mupira, nikamudanganya ni wa kufunga kuni. Kutwanga nikaacha. Akiniita, nasema kichwa inauma. Mwaka muzima kichwa iliuma. Mwisho akaacha kuniita, na hiyo ndiyo iliniuma kweli, mpaka nikaenda hospitali.

Mama muganga alinipima, akasema:

"Mama, haya si matumbo. Ni kizazi kimeshuka. Misuli yenye kukishika imechoka na kuzaa na mizigo. Tunapokea wamama wengi wa hivi."

"Na mipira yao?"

"Mwenye mupira, ni wewe peke yako."

Akanitilia kipete kilaini cha kushika kizazi juu. Akanifundisha kukaza ndani sawa mutu anazuia mukojo, kisha kulegeza, kila siku. Nisibebe mizigo mizito, nirudi wanipime. Kipete kikishindwa, kuna operesheni.

Kwenda hospitali, nilipanda pikipiki nusu nimesimama, sawa jogoo juu ya ukuta. Kurudi, nilikaa. Namushukuru yule mama kila nikikaa, na ninapenda kukaa sana.

Nilienda moja kwa moja kwa jirani, mupira nimeufua vizuri, nikamwambia yote. Alicheka mpaka akashika kinu asianguke. Kisha akapanguza macho.

"Mwaka muzima nilikuwa najiuliza nilikukosea nini," akasema. "Kesho uje. Wewe chambua majani, miye nitatwanga. Na huu mupira, ndugu yangu, baki nao tu."